Dola 25 za kibao cha namba: zinamfikia paka kweli?

*Shikamoo daktari. Naishi Richmond, Virginia, kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Mwezi uliopita nilikwenda kusajili gari tulilonunua, nikaona kibao cha namba chenye mbwa na paka, kimeandikwa Animal Friendly. Ukikichukua unaongeza dola 25 kila mwaka. Mwenzangu kazini anasema hela hizo ndizo zinazohasi mbwa na paka wa watu wasio na uwezo. Mume wangu anasema ni ujanja tu wa serikali kutuvua hela. Nani mkweli? Jingine, nyuma ya nyumba tunayopanga kuna paka amezaa vitoto vinne, na sasa amekuwa kama wangu. Daktari niliyempigia simu alinitajia mamia ya dola. Je, hizo hela za vibao zinaweza kunisaidia? Na kwa nini nyumbani Afrika Mashariki hatuna mpango kama huu?*

Marahaba, mwanangu. Mwambie mume wako kwamba safari hii amekosea, ila hakukosea kwa mbali. Hela zinafika. Ni chache kuliko mwenzako kazini anavyodhani, na zinapita njia ambayo wengi wanaozitoa hawaijui. Hiyo njia ndiyo itakayoamua kama paka wako ataambulia kitu.

Tuzifuate hizo dola 25. Virginia ina vibao maalumu zaidi ya 200: vya vyuo vikuu, vya wanajeshi wastaafu, vya wavuvi, vya kila mwenye jambo lake. Baadhi yake ni vya kugawana mapato na shughuli fulani, na Animal Friendly ni mojawapo. Utaratibu wake uko hivi. Fedha ya vibao 1,000 vya mwanzo jimbo huibakiza yote kufidia gharama zake. Baada ya hapo, katika kila dola 25, dola 10 zinabaki jimboni na 15 zinakwenda kwenye shughuli iliyotajwa na sheria. Kibao cha mbwa na paka kiliivuka elfu hiyo zamani, kwa hiyo katika zako wewe, 15 ndizo za wanyama. Na sheria imezifunga kwenye jambo moja tu, kuhasi mbwa na paka. Si chakula cha wanyama wa kituoni, si mishahara, si kupaka rangi jengo.

Kisha zinakwenda wapi? Hapa ndipo watu wanapopotea. Haziendi kwenye chungu kimoja cha jimbo zima. Zinarudi kwenye mji au kaunti ambako gari limesajiliwa. Wewe unasema unaishi Richmond, lakini ukiwa mgeni Virginia jambo hili linakuchanganya: huko miji mikubwa haiko ndani ya kaunti, inajitegemea. Zipo nyumba nyingi ambazo anwani yake ya posta inasomeka Richmond ilhali ziko kaunti ya Henrico au ya Chesterfield. Tazama kadi ya usajili wa gari lako. Kama imeandikwa Henrico, dola zako 15 ni za Henrico, na mji wa Richmond hautapata hata senti. Mji au kaunti ikishazipokea, inaweza kuendesha mpango wake wenyewe wa kuhasi, au kuzipitisha kwa shirika lisilo la faida lenye kliniki.

(Neno moja kabla sijaendelea, maana najua nitaandikiwa barua. Kwa lugha kavu, dume ndiye anayehasiwa, jike hutolewa ovari na mfuko wa uzazi. Nitasema kuhasi kwa wote wawili, kama tunavyosema kazini tukiwa na haraka.)

Sasa dola 15 ni nini kwa kliniki? Mimi nimezitumia fedha za namna hii miaka mingi, kwanza North Carolina, baadaye Virginia, kwa hiyo nikuonyeshe kwa karibu.

Ni Jumatatu, saa moja asubuhi, nje bado kuna ukungu. Watu wamepanga foleni na vikapu vyao. Mmoja kaja na kibebeo kizuri cha plastiki. Wa pili kamtia paka ndani ya kikapu cha nguo chafu, akafunika na kikapu kingine juu, akavikaza pamoja kwa waya wa kuchajia simu. Wa tatu ana mitego mitatu ya chuma imefunikwa mashuka, ndani mna paka shume aliowanasa usiku nyuma ya mgahawa. Mashuka yanawatuliza, wasioona hawapigani. Tunawapima uzito, tunawasikiliza moyo, tunawachoma dawa ya usingizi. Paka dume ukiwa umezoea ni dakika mbili au tatu. Jike ni kazi zaidi, robo saa hivi kwa aliyejaa mimba, pungufu ya hapo kwa mdogo; tundu lenyewe ni la sentimita mbili. Tukimaliza kushona tunamchora mstari mdogo wa kijani tumboni, wino wa kudumu, ili daktari wa kesho asimpasue tena kutafuta kisichokuwepo. Paka shume, kabla hajazinduka, anakatwa ncha ya sikio moja. Ukimwona paka wa mtaani sikio limekatwa sawasawa kama kwa rula, usimhurumie, huyo ameshapita mikononi mwetu. Kufika saa tisa mpasuaji mmoja ameshamaliza thelathini na kitu.

Namna hii ya kufanya kazi kwa wingi ndiyo iliyoshusha bei. Wengi wetu tuliifuata kwa kliniki iliyoanzishwa Asheville, North Carolina, mwaka 1994. Wao ndio waliolionyesha taifa kwamba gari dogo linaweza kuzunguka kaunti za mbali kukusanya wanyama alfajiri, likawarudisha kesho yake wakiwa wameshashonwa. Daktari wa kawaida anahasi mmoja au wawili kwa siku katikati ya kazi nyingine, ana pango la jengo mjini, ana mashine za eksirei za kulipia. Huyo aliyekutajia mamia ya dola hakukuibia.

Lakini hata kwa wingi, dawa ya usingizi haishuki bei kwa kuombwa. Tuseme, kwa hesabu ya mfano tu, paka jike anaigharimu kliniki dola 90 pamoja na chanjo ya kichaa cha mbwa. Mama aliyekuja na vikapu viwili ana dola 30. Zile 60 katikati ndizo tunazozitafutia mwenyewe. Hapo ndipo vibao vinapoingia. Magari manne yenye kibao cha mbwa na paka kwa mwaka mmoja yanaziba pengo la paka mmoja. Chukua kaunti yenye magari 400 ya namna hiyo: ni dola 6,000, ni wanyama 100. Kwa mji wenye kituo kinachopokea maelfu kwa mwaka, si jambo la kupigia vigelegele. Kwa kaunti ya milimani yenye daktari mmoja wa wanyama, 100 ni wengi, hasa wakiwa majike na wakihasiwa kabla ya majira ya kuchipua.

Nasema kabla ya majira ya kuchipua kwa sababu paka hafuati mwaka wa fedha wa serikali. Mimba yake ni wiki tisa. Anaweza kuanza kumtaka dume akiwa na miezi minne au mitano, wakati wenyewe mnamwita bado mtoto, na anaweza kushika mimba nyingine huku ananyonyesha. Huko kwenye baridi, siku zikirefuka tu, kuanzia Februari, mchezo unaanza. Kuna mahali nilipofanya kazi, sipataji jina, ambapo mgao wa mwaka ulikuwa unakwisha kila Aprili kwa sababu tuliugawa kwa wa kwanza kufika. Aprili hiyo hiyo akaja mzee mmoja na paka wa mabaka, mwembamba, nikamwambia mwenyewe kwa mdomo wangu kwamba mfuko umekauka, arudi Julai. Alirudi Juni. Kaleta boksi la ndizi, ndani mna huyo paka na watoto sita. Tulichookoa Aprili ni dola 60. Tangu siku hiyo, popote nilipokuwa na sauti, nimedai mgao ukatwe kwa robo mwaka, na fungu kubwa liwekwe Januari hadi Machi.

Hilo la nani anashika mfuko na anaufungua lini lina uzito kuliko picha iliyo kwenye kibao, na kila jimbo lina lake. Texas kibao cha wanyama ni dola 30 kwa mwaka, 22 zinakwenda kwenye mfuko wa wanyama, na idara ya afya ya jimbo inazigawa kama ruzuku kwa mashirika yanayohasi bure au kwa bei ya chini. Arizona ni 25, na 17 ndizo za wanyama. Florida ni 25, na msimamizi ni shirika lisilo la faida lenye bodi yake, linaloitwa Florida Animal Friend, ambalo hupokea maombi na kuyapima. North Carolina ni 30, na 20 zinaingia kwenye akaunti ya jimbo; kaunti inalipa kwanza kuwahasia wanyama wa watu wenye kipato kidogo, kisha inapeleka risiti na kurudishiwa kila robo mwaka. Huo utaratibu wa kurudishiwa unapendwa na wakaguzi wa hesabu. Kwa kaunti maskini ni kama kumwambia mwenye njaa alipie chakula kwanza.

Ukiniuliza mimi, utaratibu wa Virginia ni mwaminifu kuliko yote na pia ndio wenye kasoro kubwa kuliko yote, kwa sababu ile ile. Fedha inarudi kwa aliyeitoa. Nani ananunua vibao hivi? Watu wa vitongoji vyenye nyasi zilizokatwa vizuri, ambao mbwa wao walihasiwa siku nyingi. Kaunti zenye magari mengi na watu wenye nafasi zinapata fungu kubwa. Kule kusini-magharibi, kwenye makaa ya mawe yaliyokwisha, ambako kila kibaraza kina mbwa watano, mgao unaweza usifike dola mia chache. Texas, wakiweka kila kitu chungu kimoja, angalau wanaweza kukipakua kuelekea kwenye njaa. Kama wanafanya hivyo kila mwaka ni jambo la kuwakagua wao.

California wana kisa chao. Huko kibao kipya hakichapwi mpaka zipatikane oda 7,500 zilizolipiwa, na kwa kibao cha Pet Lover's ilibidi wanaharakati wahangaike sana kuzitafuta. Picha yake, mbwa na paka wamekaa pamoja, ilichorwa na Pierce Brosnan, yule mwigizaji aliyekuwa James Bond. Mwaka wa kwanza dola 50, kuhuisha 40. Mwanzo mfuko uliwekwa chini ya bodi inayosimamia leseni za madaktari wa mifugo, watu ambao kazi yao ni kumwita daktari aliyekosea ajieleze, si kugawa ruzuku. Mwaka 2017 sheria ikauhamishia idara ya chakula na kilimo, na idara hiyo ndiyo inayotoa ruzuku hadi leo. Kila mtu aliposhangilia picha ya Brosnan, swali lilipaswa kuwa ni nani atakayeandika hundi.

Na Georgia ilibidi wabadilishe katiba. Nakwambia kweli. Katiba ya jimbo ilikuwa inataka mapato yaende hazina kuu, na hazina kuu ni shimo ambalo kila mbunge ana mkono ndani. Ili ada ya kibao ibaki kwa mbwa na paka, wapiga kura waliulizwa Novemba 2002, wakakubali kwa wingi. Mume wako akisikia hivyo atacheka, lakini ndilo jibu la shaka yake. Ujanja wa kutuvua hela upo pale ambapo ada haijafungwa na sheria kwenye kazi yake. Ilipofungwa, ni vigumu kuichota. Si kwamba haiwezekani. Nimeona bajeti ya kliniki ikipunguzwa na mji kwa kiasi kile kile kilicholetwa na vibao, ili mwisho wa siku jumla ibaki pale pale. Hapo hakuna aliyeiba, na hakuna paka hata mmoja wa ziada aliyehasiwa. Unapompigia simu mtu wa mji wako, hilo ndilo la kuuliza: je, hela za vibao ni nyongeza, au zimechukua nafasi ya zilizokuwepo?

Sasa niseme lile linaloniudhi kuhusu mpango huu wote, ingawa gari langu mwenyewe lina kibao hicho. Anayelipa siye mwenye tatizo. Mwenye mapenzi na wanyama analipa dola 25, jirani anayeacha mbwa wake azae mara mbili kwa mwaka halipi chochote. Ni hiari, na hiari ina kikomo. Kila mwaka kinatoka kibao kingine kizuri: vipepeo, saratani ya matiti, timu ya mpira. Virginia ukiwa na watu 450 waliolipa mapema unaweza kuliendea Bunge la jimbo ukaomba chako. Keki ni ile ile, visu vinaongezeka.

Ndiyo maana majimbo mengine yaligonga mlango tofauti. New Jersey walianza mapema sana, sheria yao ni ya 1983: mwenye mbwa asiyehasiwa anaongezewa dola 3 kwenye leseni ya mbwa, na hizo zinamhasia mnyama wa mtu anayeishi kwa msaada wa serikali. Vibao walikuja kuviongeza baadaye tu. New Hampshire, mwaka 1994, waliweka dola 2 juu ya kila leseni ya mbwa. Dola mbili, bei ya kahawa ya wakati huo. Wakaanza kuwahasia wanyama wa watu wa kipato kidogo kwa malipo madogo, na katika miaka sita hivi idadi ya mbwa na paka waliouawa kwa sindano kwenye vituo vya jimbo hilo ilishuka kwa karibu robo tatu. Ndio mfano tunaoutaja kila mahali, mpaka watu wa New Hampshire wenyewe nadhani wamechoka kusikia.

Majirani zenu Maryland walifanya jambo ninalolipenda zaidi. Tangu 2013 kampuni inayouza chakula cha mbwa na paka huko inalipa ada kwa kila aina ya bidhaa inayosajili, ilianza 50 ikapanda hadi 100 kwa mwaka. Sikiliza vizuri, ni kwa kila aina ya bidhaa, si kwa kila mfuko unaouzwa. Kampuni yenye aina 40 za chakula inalipa dola 4,000, ambazo ukizigawa kwa mifuko yote iliyouzwa Maryland huzioni hata kwa darubini. Fedha inakuja yenyewe kila mwaka bila kumbembeleza mtu wala kuchora picha. Idara ya kilimo inazitoa kwa ruzuku kulingana na mahali penye hali mbaya. New Mexico walipitisha sheria ya namna hiyo 2020. Kama ningekuwa na kura moja tu ya kupiga Virginia, ningeipigia ada ya chakula, na vibao ningeviacha viendelee kama harambee ya pembeni. Upinzani uliopo unatoka kwa watengenezaji wa chakula, na wana watu wao kwenye korido za kila bunge. Mbwa hawana.

Basi ununue kibao au usinunue? Kama dola 25 hazikubani, nunua. Huduma ya kuhasi inapata fedha kwa vipindi: tajiri anakufa na kuacha urithi, wakfu unatoa ruzuku ya mwaka mmoja, halafu kimya. Hela za vibao ni ndogo ila zinarudi kila mwaka bila kelele, na kliniki inaweza kumwajiri muuguzi wa nusu siku kwa kuzitegemea. Kama zinakubani, kuna mlango mwingine ambao wengi hawauoni: kwenye fomu ya kodi ya mapato ya Virginia, pale wanapokuuliza kama ungependa kuchangia sehemu ya fedha unayorudishiwa, kuna mfuko wa kuhasi mbwa na paka. Unaweza kutoa dola 3. Nazo zinakwenda kwenye mji au kaunti unakoishi.

Kuhusu nyumbani nitasema kwa kifupi, maana swali lako limenichekesha kidogo. Virginia, ukitaka herufi zako mwenyewe kwenye kibao, ni dola 10 za ziada kwa mwaka. Uchunguzi wa 2007 uliikuta ikiongoza Marekani nzima, magari kama 16 kati ya kila 100 yalikuwa na maneno ya mwenyewe. Kenya kibao chenye jina lako ni shilingi milioni moja. Tanzania namba binafsi ilipandishwa kutoka milioni 5 hadi milioni 10 kwa kila miaka mitatu. Kwetu kibao ni cha mtu anayetaka ajulikane anapita, na fedha inaingia hazina. Mpango wa vibao unahitaji magari mengi ya watu wa kawaida, wanaohuisha usajili kila mwaka, na sheria inayoweza kuifunga ada kwenye kazi moja. Tuna upungufu wa vyote vitatu. Tena, mbwa wengi wa mitaani kwetu wana wenyewe, mchana wanazurura, usiku wanarudi kulinda, na kinachoua watu ni kichaa cha mbwa. Shilingi ya kwanza ningeiweka kwenye chanjo, mbwa 70 kati ya kila 100 katika kijiji wakipata, ugonjwa unakosa pa kupita. Kuhasi kuwe shilingi ya pili. Paka wa Lamu na wa Mji Mkongwe ni habari nyingine, wale wanahitaji mpasuaji kuliko sheria.

Turudi kwa mgeni wako wa nyuma ya nyumba, kwa sababu huyo hawezi kungoja Bunge.

Usimwendee daktari wa kawaida. Piga simu kituo cha wanyama cha mji au kaunti iliyo kwenye kadi yako ya usajili, sema maneno haya: nahitaji kuhasi paka kwa bei ya chini, kipato changu ni kidogo, mna vocha au mnanielekeza kliniki gani? Usiulize kuhusu vibao. Anayepokea simu huenda hajui kabisa fedha yake inatoka wapi, atakwambia hakuna kitu kama hicho nawe utakata tamaa. Kwake inaitwa vocha, au punguzo, au siku ya jamii. Programu nyingi huomba uthibitisho wa kipato, mara nyingi barua ya SNAP (msaada wa serikali wa chakula) au ya Medicaid (bima ya afya ya wenye kipato kidogo), au hati ya mshahara. Kama paka hana mwenyewe rasmi, mwambie hivyo pia, kwa sababu paka wa mtaani mara nyingi wana fungu lao, nafuu zaidi, ila watamkata ncha ya sikio. Amua mapema kama ni wako au ni wa mtaa. Mwenye nyumba wenu naye ana la kusema, soma mkataba wa kupanga kabla hujamwingiza ndani.

Piga leo, hata kama vitoto bado vinanyonya. Foleni ni ndefu tangu 2020, kliniki zilipofungwa kwa korona ili glavu na barakoa ziende hospitali za watu, na mpaka sasa madaktari wa kazi hii hawatoshi. Ukiambiwa wiki sita, kubali hapo hapo, wiki sita ndizo unazozihitaji. Vitoto vikifika wiki nane hivi, kila kimoja kikiwa na kama kilo moja, navyo vinahasiwa, kwa hiyo andikisha watano mara moja. Wengine hutoa bei ya pamoja kwa mama na watoto, uliza. Katikati ya hapo mfungie mama ndani usiku ukiweza, na mchana pia akikubali, kwa sababu madume ya mtaa tayari yanajua anakoishi.

Siku yenyewe fuata saa ya mwisho ya kula waliyokupa kwa mama. Vitoto usivinyime chakula usiku kucha, vinaishiwa sukari mwilini haraka, watakuambia kiasi cha kuwapa asubuhi. Vikapu viwili na waya wa chaja vinafaa kama huna kibebeo, nimewapokea wengi hivyo. Tandika taulo ambalo hutalidai tena.